Usisubiri mnunuzi akutajie uzito wa mzigo wako

Tangu mahindi yaanze kushuka kutoka Nyanda za Juu Kusini, meseji zinazoingia kwenye simu ya safu hii ni za aina moja. Wa Mbozi amepeleka viroba 45, yeye alihesabu tani nne na nusu, ameandikiwa nne na kidogo. Wa Namtumbo ufuta wake eti "umepungua njiani" kilo 31, na njia yenyewe ni ya robo saa kwa bodaboda. Mama mmoja wa Njombe anauza viazi kwa gunia tangu aolewe, anataka kujua kwa nini gunia linazidi kunenepa huku bei imesimama palepale. Wote wanamalizia na swali lile lile: nimeibiwa?

Huenda. Lakini nilipowarudishia swali langu, mzigo ulikuwa na kilo ngapi ulipotoka nyumbani, hakuna aliyekuwa na jibu. "Nilijaza vizuri." "Nilikadiria mia mia." "Dalali ndiye aliyepima." Na hapa ndipo subira yangu inapoisha. Mkulima anakumbuka mbegu aliyopanda, mifuko ya mbolea aliyotia, vibarua aliowalipa na siku walizokuja, halafu uzito wa mavuno yake mwenyewe anakuja kuusikia mara ya kwanza kinywani mwa mtu anayeyanunua. Ukitaka kubishana na mtu huyo, utabishana kwa lipi?

Nianze na wa Mbozi, maana kisa chake kinafundisha zaidi. Nilimuuliza kila kiroba alikijaza vipi. Debe tano tano, akajibu, kwa hiyo kilo mia. Debe la mahindi makavu ni kilo 18 mpaka 20, inategemea punje na namna lilivyosukwasukwa. Kwa hiyo kiroba chake kilikuwa kati ya kilo 90 na 100, na mzigo wote kati ya tani nne na nne na nusu kabla mwizi yeyote hajafika. Debe linapima ujazo, uzito halijui. Ongeza na haya ya madebe yaliyogongwa nyundo ubavuni yakatanuka, na visado vinavyojazwa mpaka vikafanya mlima, na utaona kwa nini mchuuzi anayependa debe hulipenda anaponunua tu.

Hata hivyo wa Mbozi alipunjwa, ila si pale alipodhani. Karatasi aliyonipigia picha inaonyesha kila kiroba kimekatwa kilo moja "ya mfuko". Gunia la katani linaweza kufika kilo moja kweli. Kiroba cha plastiki kilicho kitupu hakifiki hata robo kilo. Vingi vina gramu mia na kitu. Kisha pointi zote zimefutwa: 93.8 imeandikwa 93, 91.6 imeandikwa 91. Kwa wastani hiyo ni nusu kilo kila kiroba. Piga hesabu ya jumla jumla: viroba 45, kilo 40 hivi za mfuko usio na uzito huo na kilo 22 za pointi. Zaidi ya nusu gunia limeondoka bila mtu kugusa mizani. Ukiuliza unaambiwa ndio utaratibu. Utaratibu wa nani? Pima viroba kumi vitupu kwa pamoja, gawa kwa kumi, mwonyeshe.

Sasa hao wanaogusa mizani. Ukifika sehemu ya kuuzia, usikae kivulini na wenzako kusubiri jumla. Simama upande wa namba. Kabla kiroba cha kwanza hakijapanda, isome mizani ikiwa tupu. Kuna mtindo wa kuweka nusu tofali juu ya jukwaa, kubonyeza sifuri, kisha kulitoa: mizani inakaa chini ya sifuri, na kila kiroba kitakachofuata kinapungukiwa na uzito wa hilo tofali. Alama ndogo ya kutoa mbele ya namba ndiyo itakayokuambia. Halafu tazama kiroba chenyewe kinavyokaa. Kikiegemea ukuta, au goti la mpakiaji likibaki chini ya kona, au kikigusa kiroba jirani, kilo tatu nne zinabebwa na ukuta au na goti. Hakuna haja ya ugomvi. Sema kisogezwe, kirudiwe.

Zile za mshale, za kuning'iniza, zina maradhi yake. Springi ikichoka mshale haurudi sifuri. Na mwenye kuisoma akisimama upande wa pembeni anasoma anachotaka.

Kuhusu lumbesa, mama wa Njombe, sitaandika mengi kwa sababu yameandikwa mpaka wino umekauka. Kanuni za vipimo nchini hazitaki gunia lizidi kilo 100, na zinataka mazao yauzwe kwa kilo. Gunia lenye kilemba cha wavu linakwenda 120, 130 na zaidi, na unalipwa gunia moja. Kumi ya 130 ni magunia matatu uliyoyalima bure. Kenya waliweka kikomo cha kilo 50 kwa mfuko wa viazi mwaka 2019, na bado wakulima wa huko wanalalamika, kwa sababu kanuni haipimi. Kinachopima ni mizani iliyopo shambani siku lori linapofika. Mnunuzi huyo huyo akifika Dar es Salaam anauza kwa kipimo kidogo kidogo na hakuna kilemba anachomwongezea mtu.

Basi nunueni mizani. Nasema nunueni, kwa wingi, maana mkulima wa ekari mbili haimlipi peke yake lakini kikundi cha watu kumi na tano inawalipa, pengine ndani ya msimu mmoja. Ya jukwaa, ya kidijitali, inayobeba kilo 300, inayosoma kwa gramu 100. Hiyo yatosha kwa viroba. Msihadaike na inayosema inabeba tani lakini inaruka nusu kilo nusu kilo, wala na vile vidude vya bei ya soda ambavyo ukisoma maandishi ya chini vinakataa vyenyewe kutumika kwenye biashara. Kabla ya kutoa fedha, pitieni ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa muulize kama aina hiyo inakubalika. Mizani ya kuuzia inatakiwa kukaguliwa na Wakala kila mwaka. Ikipita inabandikwa stika na kutiwa lakiri. Stika ya mwaka juzi ni pambo. Na lakiri iliyokatika, hata kama muuzaji anaapa kwamba panya ndio waliokata, maana yake mizani imefunguliwa.

Mkishaipata, isikae kwenye tope wala mchanga laini. Weka juu ya sakafu au mbao ngumu, povu la pimamaji likae katikati. Asubuhi kabla ya kazi chukueni kiroba kimoja, kiwekeni kona zote nne za jukwaa kwa zamu, namba isibadilike. Hamna mawe ya kupimia? Katoni ya maji ya kunywa yenye chupa 12 za lita moja na nusu ambazo hazijafunguliwa ni kilo 18 za maji, plastiki ni kidogo juu yake. Pima katoni mbili, andika. Kesho pima zile zile. Msitumie dumu la mafuta la lita 20: likijazwa mpaka shingoni lina zaidi ya hizo 20. Chaji ikiwa chini namba hucheza, kwa hiyo mwenye sola awe jirani. Na jifunzeni kitufe kilichoandikwa TARE: kinaondoa uzito wa chombo chenu halisi, mkaachana na mjadala wa kilo moja ya mfuko.

Halafu daftari. Bila daftari mizani ni jiwe la bei ghali. Namba ya kiroba, uzito ghafi, uzito halisi, tarehe, sahihi ya aliyepima na ya mwenye mzigo. Mnaouzia shule, mashine za kukoboa na hoteli ndio mnaolihitaji zaidi, kwa sababu ninyi mnaandika ankara. Najua kikundi cha mpunga kilichozungushwa malipo karibu miezi miwili kwa ajili ya kilo 70 za mchele: wao waliandika uzito wa kupakia, mhasibu wa mnunuzi alikuwa na uzito wa kupokelea, na hakuna karatasi iliyosema upi ndio wa kulipia. Kilo 70 zilizuia fedha ya tani tatu. Siku hizi wanaandika juu ya ankara mizani ya nani imetumika, na upungufu wa kiasi gani utavumiliwa kabla ya kurudia kupima. Mistari miwili tu.

Mkipimia lori kwenye mizani ya magari, hesabu inafanywa kwa kutoa uzito wa gari tupu. Hakikisheni gari tupu ni tupu kweli. Likipimwa tupu likiwa na matingo wanne na pipa la maji, kisha likapimwa na mzigo watu wameshuka na maji yamemwagwa, tofauti yote inakatwa kwenye mazao yenu. Karatasi ya mizani chukueni nakala palepale.

Si kila kilo iliyopotea imeibwa, lakini. Mahindi yaliyopimwa yakiwa na unyevu wa asilimia 20, yakikauka mpaka 13.5 ya kuhifadhia, kilo 100 zinabaki 92 na nusu hivi. Hizo saba na nusu ni maji, zimekwenda hewani, na kumshika koo mtunza ghala hakuzirudishi. Ndiyo maana nawasihi mpime mzigo ukiwa umekauka, na mpime tena siku ya kupeleka.

Kusini korosho zinakuja mwezi wa kumi. Chini ya stakabadhi ghalani, mliyoizoea tangu msimu wa 2007, mzigo unapimwa kwenye chama cha ushirika na unapimwa tena ghala kuu, na pengo likitokea katikati mara nyingi linawarudia wanachama. Mwenye stakabadhi yake yenye uzito halisi ana pa kuanzia. Mwenye kumbukumbu ya kichwani hana. Wale wa kangomba, walanguzi wa korosho wanaowapitia sasa hivi na fedha mkononi na chombo cha kupimia walichokuja nacho wenyewe, sina cha kuwaambia kwenye gazeti la heshima.

Wa Namtumbo aliyeuliza pia kuhusu mizani ya ndoano: inafaa kujikagua nyumbani, haifai kuuzia. Ifunge kwenye boriti imara, kiroba kiache kuyumba ndipo usome. Kuhusu kilo 31, nenda kwenye chama uombe kuona karatasi ya kupokelea ghalani ya siku hiyo, ukiwa na stakabadhi yako, na uangalie kwanza safu ya makato kabla hujamtaja mtu.