Kuonja sigari ya jani nyeusi: rangi peke yake haitoshi



Hapa kwetu Kivu kooperative nyingi za kahawa zimeshazoea kuonja kahawa yao mbele ya kuiuza. Sasa wanachama wanaolima tumbaku wanatuuliza: na jani, wanalionja namna gani? Swali ni zuri. Mutu asiyejua kupima mavuno yake anapokea daraja lolote ambalo munnunuzi anamupa, na bei yake inafuata.

Tunachukua mufano wa ile inayouzwa bei kali: sigari ya jani nyeusi, inayoitwa maduro. Hatusemi muanze kuvuta. Moshi wa sigari unaleta kansa ya mudomo na ya koo hata kwa yule asiyeumeza. Tunataka mujue tu ni nini kinachotafutwa ndani ya jani.

Sigari haina karatasi, iko majani matupu. Ndani kuna tripa, yaani majani yaliyokunjwa ya kuijaza. Sukape inaishika tripa. Juu kabisa kuna kape, jani moja zuri linalozungushwa inje. Kape ndiyo jani la bei, na ndiyo inayokuwa nyeusi.

Neno maduro ni la Kispania, maana yake «imeiva». Mukumbuke hilo neno, juu wengi wanafikiri maana yake ni «kali». Jani linalofaa ni lile nene, lenye mafuta, lililopata jua: kama broadleaf ya Connecticut kule Marekani, ama jani la San Andrés kule Mexico. Yakishakauka ndani ya hangari, wanayanyunyizia maji kidogo na kuyapanga malundo makubwa. Lundo linapata moto lenyewe, sawa na kakao ndani ya kasha. Joto likifika karibu digri 50, wanalifungua, majani ya katikati yanaenda inje na ya inje yanaingia katikati, kisha wanapanga tena. Kwa maduro wanaacha joto lipande zaidi na kazi inachukua miezi mingi. Amonia inatoka, ukali unapungua, rangi inaingia. Jani jembamba haliwezi kuvumilia hiyo kazi, linapasuka.

Sasa kuna njia ya mukato: kupaka rangi ama kupika jani haraka. Kwa macho ya mbali hutaona tofauti. Ndiyo maana kuonja kunaanza na macho na vidole, moto unakuja nyuma.

Angalia kape mu mwangaza wa jua. Jani lililoiva kweli halina weusi mmoja kama kiatu cha kupigwa rangi. Kuna sehemu zinazoelekea kahawia, mishipa inaonekana kidogo, mafuta yanang'aa. Alama ya kijani inaonyesha jani lilikauka mbio sana ndani ya hangari. Matundu madogo ya duara ni kazi ya mududu wa tumbaku. Kisha lowesha kitambaa cheupe, pangusa polepole. Kahawia kidogo, hiyo ni kawaida. Kitambaa kikitoka cheusi, uwe na mashaka. Bonyeza kwa vidole: isiwe ngumu kama kijiti, isilie kama jani kavu la muhindi. Sigari inawekwa vizuri mu unyevu wa asilimia 65 mpaka 70.

Nusa bila kuwasha. Maduro nzuri inanuka kakao, kahawa ya kukaangwa, ngozi, wakati mwingine matunda makavu. Amonia ikikupiga mu pua, basi, lundo lilifunguliwa mapema. Hakuna haja ya kuendelea, na sisi tungeirudisha.

Ukishakata kichwa, vuta hewa mbele ya kuwasha. Hewa ipite bila kupigana nayo. Halafu washa polepole, moto usiguse sana jani. Muonjaji anashika moshi mu mudomo na kuuachilia, haumezi. Anavuta karibu mara moja kwa dakika; akivuta mbio sigari inapata moto sana na inakuwa chungu, kisha tunalaumu mukulima bure. Anaandika mara tatu: mwanzo, katikati, mwisho. Anaandika mbele ya kuongea na wenzake, juu mwenye sauti kubwa anaharibu ulimi wa wengine.

Kama munataka kuelewa kazi ya kape peke yake, mufano mzuri ni Padrón 1964 Anniversary ya Nicaragua. Inauzwa na kape ya kahawia na pia na kape ya maduro. Ukiweka zote mbili mbele ya waonjaji, ile nyeusi kwa kawaida wanaisifu kwa utamu, ina kakao na kahawa zaidi. Ya kahawia ina mbao na pilipili zaidi. Na nguvu ya nikotini? Hiyo inatoka zaidi ku majani ya juu ya mumea yaliyowekwa ndani ya tripa. Kwa hiyo munnunuzi akikuambia «nyeusi maana yake kali», ujue anaongea juu ya rangi tu.

Jambo la mwisho linatugusa sisi watu wa shamba zaidi ya yote: namna sigari inavyowaka. Muonjaji akiandika «inazimika kila mara» ama «inawaka upande mmoja», mara nyingine ni kosa la mikono iliyoikunja, mara nyingine unyevu. Lakini ikizimika sigari baada ya sigari, tuangalie mbolea. Potasi inasaidia jani kuwaka. Klori inalizuia. Mukulima anayetia mbolea ya kloridi ya potasi, ile ya bei rahisi, analeta vyote viwili kwa pamoja, na jani lake linaweza kuwa kubwa, zuri kwa macho, lakini moto unalikataa. Kwa tumbaku tunatumia salfeti ya potasi. Hapo kuonja kunarudi mpaka ku mufuko wa mbolea, na mufuko huo unasomwa siku ya kuununua, si siku ya kuuza.

Kwa kooperative inayotaka kujaribu, si lazima kuvuta. Chukueni majani kumi ya kila lundo: kitambaa cheupe, pua, vidole, na kuwasha kipande kidogo juu ya sahani, inje, mbali na watoto. Kihesabiwe moto unakaa sekunde ngapi mbele ya kuzimika. Andikeni na jina la shamba pembeni. Na wanaoshika majani mabichi yenye umande wavae mikono mirefu, juu nikotini inapita mu ngozi na kuleta kizunguzungu na kutapika.