SOMO KWA WENYE MAGARI: KUBADILISHA CHUJIO LA DIZELI NYUMBANI

Watumishi wa Serikali na wananchi wenye magari ya dizeli wanakumbushwa kuwa chujio la mafuta ni kifaa cha bei ndogo kinacholinda vifaa vya bei kubwa, yaani pampu ya dizeli na nozeli. Mahali kama Nyegina, Wilaya ya Musoma, dizeli iliyobebwa kwa pipa au dumu kutoka mjini huokota vumbi na maji, na chujio huziba upesi. Gari huanza kukosa nguvu mlimani, kisha huzimika. Na huenda ndani yumo mzazi anayewahishwa hospitali Musoma.

Wengi huwalaumu wauzaji kwa kila tone la maji. Si haki. Tangi linalolazwa nusu tupu hujaa hewa, na unyevu wa hewa hiyo hugeuka matone wakati wa baridi ya usiku. Vinasaba ambavyo EWURA ilianza kuvitia katika mafuta mwaka 2010 husaidia kufichua mafuta yaliyochakachuliwa, havizuii maji.

Kazi ifanyike injini ikiwa imepoa, mbali na jiko na sigara, na waya wa hasi wa betri ukiwa umefunguliwa. Beseni liwekwe chini, kisha kizibo cha chini cha chujio kilegezwe. Mafuta ya mwanzo yakingwe katika chupa nyeupe, yaachwe yatulie kwa robo saa. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo yatakaa chini na mstari utaonekana wazi. Yakiwa mengi, tangi nalo lisafishwe, la sivyo chujio jipya litaharibika vilevile.

Chujio la kuzungusha hufunguliwa kwa spana ya mkanda. Kizibo chenye waya wa taa ya onyo kihamishiwe kwenye chujio jipya. Mafundi wasio makini hukitupa pamoja na la zamani. Itazamwe pia raba ya zamani isibaki imenata juu, kwani raba mbili huvujisha. Raba mpya ipakwe dizeli safi, chujio likazwe kwa mkono hadi raba iguse, ndipo liongezwe robo tatu ya mzunguko.

Chujio jipya lisijazwe dizeli ya dumu kupitia tundu la kati, kwa kuwa mafuta hayo huingia katika pampu bila kuchujwa. Badala yake itumike pampu ya mkono iliyo juu ya chujio, ibonyezwe mpaka iwe ngumu. Hapo hewa imetoka, betri irejeshwe na gari liwashwe, na mvujo uangaliwe.

Magari ya petroli hayahusiki na somo hili. Mengi huhifadhi mafuta kwa shinikizo hata yakiwa yamezimwa, na petroli hushika moto kwa cheche. Hayo yapelekwe kwa fundi. Dizeli chafu iliyobaki katika beseni isimwagwe mtaroni, kwani mitaro huishia Ziwa Viktoria.