Choo cha Shule Kimesingiziwa

*Shangazi, binti yangu ana miaka 17, yuko kidato cha tatu shule ya bweni. Tangu mwaka jana ametibiwa UTI mara nne, kila mara kwa vidonge vya duka la dawa. Anapata nafuu, kisha inarudi. Likizo hii analalamika tumbo linamuuma chini ya kitovu, na anatokwa na uchafu wenye harufu. Jirani ameniunganisha na mama anayeuza dawa kwa WhatsApp. Anasema ni PID sugu ya vyoo vya shule, na dawa yake ya kusafisha kizazi ni shilingi 150,000. Ninaye pia mdogo wake wa miaka 12, naye anaenda bweni mwakani. Ninunue? Na huyu mdogo nimkinge vipi?*
*Mama wa Wawili, Morogoro*

Mama wa Wawili, usinunue. Hiyo laki na nusu itakufaa kwa nauli na vipimo.

Vyoo vya shule zetu vina dhambi nyingi, lakini hii si yao. Choo kichafu kinaweza kumfanya mtoto abane mkojo kutwa nzima, na huko UTI ya kweli haiko mbali. Kisonono na klamidia havimpandi mtu kutoka kwenye sinki la choo. Huambukizwa kwa kujamiiana. PID nayo ni bakteria waliopanda kutoka ukeni, wakapita mlango wa kizazi, wakaingia kwenye mfuko wa uzazi na mirija, na mara nyingi, ingawa si kila mara, waliotangulia ni hao wawili. Choo kinapendwa kwa sababu hakimuulizi mtu swali. Mama anakitaja, binti anaitikia, muuza dawa anapokea muamala, na kila mtu analala usingizi.

Sasa, usirudi nyumbani na fimbo. Tumbo la chini huuma kwa mengi: kidole tumbo, uvimbe kwenye kifuko cha mayai, UTI yenyewe, hata mimba iliyotunga nje ya kizazi. Ndiyo maana huyu mtoto anatakiwa hospitali na si dukani. Nikuulize, nawe unijibu moyoni: katika hizo mara nne, mkojo wake ulipimwa mara ngapi? Klamidia nayo inaweza kuunguza wakati wa kukojoa, basi ni rahisi kuiita UTI. Anayepewa vidonge vya siku tatu visivyolingana na ugonjwa wake hupata nafuu ya siku tatu. Kisonono, kwa mfano, kimekwisha kuizoea sipro, ile ambayo wengi wetu huiagiza kwa jina kama tunavyoagiza chumvi.

Hofu yangu kubwa ni huko kurudiarudia. Huko Lund, Sweden, daktari Lars Weström na wenzake waliwafuatilia kwa miaka mingi wanawake waliougua PID, na mwaka 1992 wakatoa matokeo. Waliougua mara moja, kama 8 kati ya 100 mirija yao iliharibika wasiweze kushika mimba. Waliougua mara mbili walifika kama 20, na mara tatu kama 40. Mrija ukishapata kovu, hakuna dawa ya kunywa wala ya kuweka ukeni itakayousafisha. Anayekuuzia maneno hayo anakuuzia pia siku za kuchelewa, na katika ugonjwa huu siku ndizo zinazokula mirija.

Hospitalini, daktari akiridhika kuwa ni PID, kwa kawaida ataandika sindano moja na vidonge vya aina mbili vya siku 14. Vimalizwe, hata tumbo likinyamaza siku ya tano. Kama hakuna nafuu ndani ya siku tatu, mrudishe. Akipata homa kali, akitapika, akizimia, au maumivu yakimjia ghafla naye hajaona siku zake, msisubiri hata kupambazuke. Mwombe daktari ampime pia mimba, VVU na kaswende.

Na kuna mtu wa pili. Kama binti ana mwenzake, naye lazima atibiwe, hata akisema yeye hajisikii chochote. Klamidia hukaa kimya kwa wengi, wanaume kwa wanawake. Bila yeye, dozi ya binti yako ni kukinga mvua kwa chujio. Hapa pana jambo zito zaidi. Ikiwa huyo mwenzake ni mtu mzima, mwalimu, dereva wa bodaboda au ndugu wa nyumbani, sheria ya Tanzania haimwiti mpenzi. Binti wa chini ya miaka 18 hana ridhaa mbele ya sheria hiyo. Piga 116, simu ya msaada kwa mtoto, au nenda dawati la jinsia na watoto polisi.

Wasichana wa umri huu huambukizwa kwa urahisi kuliko mama zao, kwa sababu mlango wa kizazi bado haujakomaa na ngozi yake laini iko wazi. Kusubiri ndiko kinga kubwa, nami sioni haya kulisema. Lakini anayesikia neno “subiri” peke yake atajifunza mengine bwenini, na bwenini wanafundishana vidonge vya P2. P2 huzuia mimba, ugonjwa haiugusi. Sindano na kijiti vya uzazi wa mpango vivyo hivyo. Kondomu ndiyo inayopunguza hatari ya vyote viwili, ikivaliwa tangu mwanzo na kila mara. Mwambie pia aache kujisafisha ndani kwa sabuni, ndimu au maji ya vuguvugu. Uke hujisafisha wenyewe, na kuuosha ndani kunawaondoa bakteria walinzi na kuwasukuma wabaya juu. Ute usio na harufu wala muwasho kwa kawaida si ugonjwa.

Mdogo wake mpeleke akachanjwe chanjo ya HPV kabla hajafunga sanduku. Nchini imeenea tangu 2018, na sasa ni dozi moja, bure, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Hiyo ni kinga ya virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, si ya PID. Ila ukiwa njiani kwenda kliniki utapata nafasi ya kumwambia hayo mengine, kwa kuwa kwenye daladala hamtazamani usoni.

Kesho mfikishe dada yake kituo cha afya, uulizie huduma rafiki kwa vijana. Nimekaa upande wa pili wa meza ya muuguzi miaka mingi. Muuguzi atamuuliza binti maswali, naye atakutazama wewe kwanza kabla ya kujibu. Ukiombwa utoke, toka, ukakae kwenye benchi.