Ajali Barabarani: Nani Alipe?

Gari likigonga mtu hapa Tudor twasema, "Ni kudra." Lakini mahakama itauliza: nani alizembea? Mwendo wa kasi, ulevi, breki mbovu, hayo ni makosa.

Sheria ya Kenya, Sura ya 405, yamlazimu mwenye gari awe na bima ya kulipia watu anaowaumiza, mpaka shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Ila kosa lithibitishwe kwanza.

Kosa hugawanywa pia. Tuseme mama amegongwa barabara ya Tom Mboya, na fidia yake ni shilingi 400,000. Kama alivuka bila kuangalia, akapewa robo ya lawama, atapata 300,000.

Basi usikubali kumalizana palepale kwa elfu mbili za dawa. Fanya hivi:

1. Andika namba ya gari na majina ya mashahidi.
2. Ripoti polisi, uchukue abstrakti. Fomu ya P3 ijazwe na daktari.
3. Tunza karatasi zote za hospitali.
4. Usikawie. Kesi ifunguliwe kabla ya miaka 3. Gari likiwa la serikali, miezi 12.

Tujadiliane: Je, mtaani kwetu yuko majeruhi ambaye hajaripoti? Nani atamsindikiza?