Mifuko mipya ya anodi

Swali: Mifuko ya anodi na vichujio vitayarishwe vipi kabla ya kupaka nikeli katika karakana ya Mlandege, Unguja?

Jibu: Mifuko ya pamba hutoka kiwandani na wanga, ya polipropilini na mafuta ya mashine. Uchafu huo ukiingia kwenye maji ya nikeli, mpako hufanya ukungu na vishimo. Pamba huchemshwa kwa maji matupu, kwani asidi huidhoofisha. Polipropilini huloweshwa saa kadhaa kwenye maji ya nyuzi 60 hivi yenye asidi ya salfuriki ya asilimia 5. Asidi ndiyo humiminwa kwenye maji, kamwe si kinyume. Vichujio vya katriji za polipropilini husafishwa vivyo hivyo, pampu ikizungusha maji kwenye pipa la pembeni.

Maji ya suuza yanataka uangalifu zaidi Unguja. Visima vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake yana chokaa. Chokaa hukutana na salfeti ya nikeli ikafanya chembe kama sindano, na mpako ukakwaruza. Suuza ya mwisho iwe ya maji yaliyotoneshwa. Mfuko ukitikiswa humo na povu likabaki, haujawa tayari. Mdomo wake hufungwa juu ya usawa wa maji ya nikeli, vumbi la anodi lisimwagike.