Dondoo muhimu: Rejeta inayopungua maji wakati wa baridi

Juni na Julai, lori linalolala Mbeya kabla ya safari ya Chunya huweza kukutwa asubuhi rejeta imepungua maji. Baridi husinyaza hosi na vibano vyake. Maji huvuja injini ikiwa baridi, kisha upenyo hujiziba injini ikipata moto. Kwa hiyo ukaguzi hufanywa alfajiri, kabla ya kuwasha: ukoko mweupe au wa kijani penye maungio huonyesha pa kukaza. Injini ikishawashwa, moshi mweupe wa dakika za mwanzo ni mvuke tu. Usipokoma, au oili ikifanana na chai ya maziwa, gasketi ya silinda hedi huenda imeungua. Lori hilo lisipandishwe mlima. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto.