Gari Moja, Nyumba Nne

Oktoba ni mwezi wa bonasi kwa wakulima wa chai wa Kericho na Bomet wanaouza majani kwa viwanda vya shirika la chai la KTDA, na pesa ikiingia wengi huwazia gari. Siwalaumu. Anayeishi ndani kule Mogogosiek au Roret, ambako mvua ikinyesha njia huwa utelezi mtupu, anajua thamani ya gari mgonjwa akizidiwa usiku. Ninachouliza ni kama kila boma linahitaji la kwake.

Tazama majani yenyewe. Mwenye eka moja hanunui lori la kuyapeleka kiwandani. Lori hupita kituo kwa kituo, likabeba magunia ya majirani wote. Gari la nyumbani, kwa upande mwingine, huenda sokoni Jumamosi na kanisani Jumapili, kisha likalala chini ya mti siku tano, bima ikihesabu siku na thamani ikishuka. Wazee wa Kipsigis walilielewa jambo hili kwa ng'ombe. Katika desturi ya kimanagan, mtu alimkabidhi rafiki ng'ombe wake; rafiki alimtunza na kunywa maziwa, lakini mali ilibaki ya mwenyewe. Hata kwa magari jambo hili si geni: mjini Zürich, Uswisi, watu ambao hawakumudu gari kila mmoja waliunda ushirika wa kutumia magari kwa zamu mwaka 1948.

Njia rahisi ya kuanza haihitaji kununua chochote. Tuseme walimu wanne wanaokaa Litein na kufundisha upande mmoja, kila mmoja ana gari lake: wiki hii wapande la huyu, wiki ijayo la yule. Magari matatu yanabaki nyumbani na kila mtu ananunua mafuta wiki moja kwa nne. Zamu ina faida nyingine kubwa, kwamba hakuna nauli. Ukianza kutoza nauli, unafanya biashara ya uchukuzi, inayohitaji leseni ya NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, na bima ya gari la kibinafsi kwa kawaida haimlipii abiria aliyelipa. Na kushiriki si kubanana. Gari aina ya Probox lina nafasi ya watu watano pamoja na dereva. Ule mtindo wa kupakia wanane au tisa hadi kwenye buti ni hatari, usiuige.

Njia ya pili ni kununua pamoja, na hapa ndipo urafiki huvunjika, kwa hiyo nitakawia. Chukua mfano wa gari la shilingi 800,000 kwa nyumba nne, kila moja 200,000. Kabla ya senti kutoka, nendeni kwa wakili mwandike mkataba. Sheria ya Trafiki, kifungu cha 8, humchukulia aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Logbuku ikiwa na jina la mmoja tu naye afariki, watoto wake watalidai gari, na ninyi watatu mtabaki na maneno matupu. Mkataba useme nani ametoa kiasi gani, anayetaka kujitoa atalipwa vipi, na nani atalipa gari likigongwa mikononi mwa mmoja wenu. Kampuni ya bima nayo iambiwe wazi kwamba madereva ni kadhaa, na mpate jibu lake kwa maandishi.

Ndani ya gari wekeni daftari. Kila anayelichukua aandike kilomita za mwanzo na za mwisho, na alipie kwa kilomita, si kwa siku, maana aliyekwenda Kisumu hawezi kulipa sawa na aliyefika sokoni tu. Kiwango cha kila kilomita kijumuishe mafuta, sevisi, matairi na bushi, ambazo barabara zetu za murram huzimaliza haraka. Kwa kuwa EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei ya mafuta kila mwezi, kipitieni kiwango nanyi kila mwezi. Pesa zikae kwenye akaunti yenye watia saini wawili.

Ugomvi mwingi huwa wa siku zile zile: shule zikifunguliwa, mazishi, Krismasi. Zile zinazojulikana zigaweni mapema mwanzoni mwa mwaka. Kanuni moja tu isijadiliwe: mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Tenwek, Longisa au Kapkatet hutangulia mwenye zamu, hata kama ni harusi. Na funguo zikae kwenye boma ambalo huwa na mtu usiku.

Nyumba nne zikikaa na gari moja, magari matatu hayakununuliwa, na moshi wake haukupanda juu ya mashamba yanayoishi kwa mvua. Kwa hiyo bonasi ikiingia, kabla hujafika yadi ya magari, waite majirani watatu unaowaamini, mkae na daftari, kila mmoja aandike safari zake za mwezi mmoja. Nunueni baada ya kulisoma daftari hilo.